Pikipiki na uzee: lini uache kuendesha

Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani inapokaribia, wazee wa Dodoma na watoto wao hutuletea swali lile lile: mtu aache pikipiki akiwa na miaka mingapi? Miaka peke yake haijibu. Yupo wa 72 anayeiweka kwenye stendi ya kati bila kuhema, na yupo wa 55 ambaye kisukari kimemtia ganzi nyayoni.

Anza na macho. Mtoto wa jicho hufanya taa za magari zitawanyike usiku, lakini huondolewa kwa upasuaji, hivyo kapime kabla hujauza chombo. Tunachohofia zaidi ni presha ya macho. Hula uoni wa pembeni taratibu, bila maumivu, na uoni uliopotea haurudi. Barabara ya mbele unaiona vizuri. Bajaji inayochomoka kushoto huioni.

Kisha mwili. Zima injini, mtu akiwa karibu nawe. Ipandishe pikipiki stendi ya kati na kuishusha. Irudishe nyuma mita 10 kwenye mchanga. Minya klachi na breki ya mbele mara 20 mfululizo. Geuza shingo uone kilicho nyuma ya bega. Mwisho simama kwa mguu mmoja sekunde 10, kila mguu kwa zamu yake. Ukishindwa hata jaribio moja, usipakie abiria mpaka umuone daktari. Breki ya nyuma hukanyagwa kwa mguu wa kulia, na mguu wenye ganzi ama hukandamiza mno tairi likajifunga, ama haugusi kabisa.

"Nimeendesha miaka 30 sijaanguka." Sawa, hongera, ila hilo halipimi mwili wa leo. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hula karibu mita 17 kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja kushika breki, mita hizo zimekwisha.

Piritoni za mafua husinzisha. Insulini na glibenklamaidi zinaweza kushusha sukari ghafla, hasa ukiruka mlo. Usiache dawa ili uendeshe. Simamisha pikipiki kwanza, ukamuulize daktari.

Kuacha kunaweza kwenda kwa hatua: usiku kwanza, kisha abiria, kisha barabara kuu ya Morogoro, ambako upepo wa malori humyumbisha mwendeshaji. Kutoka Chamwino kuja mjini jioni, jua linakupiga usoni, kwa hiyo ondoka mapema. Helmeti ni lazima hata ukienda sokoni tu. Mwaka 2021 faini ya papo kwa papo kwa pikipiki ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Wapo walioelewa kwamba kosa lenyewe limefutwa.

Ukiuza, usimkabidhi mjukuu au jirani kadi na ufunguo tu. Andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, mkiwa na vitambulisho na namba za mlipakodi za pande zote mbili, kisha mkamilishe uhamisho wa umiliki TRA. Bila hivyo pikipiki inabaki kwa jina lako, na makosa ya anayeiendesha yatasomeka kwenye namba ya usajili ambayo mmiliki wake ni wewe. Hifadhi nakala ya mkataba hata baada ya kadi mpya kutoka.