Je, wajua kwa nini asiyegusa kitimoto anaweza kupata kifafa cha tegu?

Kwa miaka mingi nililijua jibu, na nililitoa kwa kujiamini kwenye vibanda vya kitimoto pale Mwanjelwa, Mbeya: nyama ya nguruwe isiyoiva ina minyoo, minyoo inapanda kichwani, mtu anaanguka kifafa. Asiyeila yuko salama. Nilikosea, na kosa lenyewe ni tamu kuliko jibu.

Anayekula nyama yenye vilengelenge, vyeupe kama punje za mchele, anapata tegu utumboni: mnyoo bapa wa mita kadhaa, mpangaji mtulivu ambaye mara nyingi mwenye nyumba hana habari naye. Kichwani haendi. Wanaokwenda ni watoto wake. Mayai hutoka na choo, na kwa kawaida humezwa na nguruwe anayezurura, kama wanavyoachiwa katika vijiji vingi huku kwetu mavuno yakiisha. Yai huanguliwa, kijimnyoo hupenya utumbo, hupanda damu kama abiria wa daladala na kushuka kwenye nyama, kungoja mtu aile.

Lakini yai halina macho. Likimezwa na binadamu kwa mkono usionawiwa, kwa maji au kachumbari, safari ni ile ile, ila kituo chaweza kuwa ubongo. Humo kijimnyoo hungoja mlaji ambaye hatakuja kamwe. Hujificha, pengine miaka, mwili usikitambue. Mara nyingi ni kikianza kufa ndipo kinastukiwa. Pale kilipo panavimba, na seli za jirani zinapiga shoti. Mtu anaanguka.

Kwa hiyo hata shehe anaweza kuupata ugonjwa huu, akipikiwa na mwenye tegu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikutwa New York kwa Wayahudi wa dhehebu lisilogusa nguruwe kabisa. Walioshukiwa ni wafanyakazi wa ndani.

Si kila kifafa ni tegu, lakini. Kuna kuumia wakati wa kuzaliwa, ajali, malaria kali. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa tegu husababisha hadi asilimia 30 ya kifafa katika maeneo yenye tegu wengi. Kwa mgonjwa mmoja mmoja, bila picha ya ubongo ni kubahatisha.

Na povu linalomtoka mdomoni aliyeanguka, linalodhaniwa kuambukiza? Ni mate yaliyochanganyika na hewa. Watu wameachwa waungue jikoni kwa sababu ya kuliogopa, ilhali mayai hayamo humo. Yamo chooni, na huenda ni kwenye choo cha yule aliyekimbia.