Halmashauri ya jiji inavyoweza kulinda ustawi wa wanyama: tuanzie mnadani

Katika kazi yangu ya udaktari wa mifugo, swali ninaloulizwa mara nyingi na madiwani ni kama Jiji la Dodoma linahitaji sheria mpya ili kuwalinda wanyama. Sidhani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu mwaka 2008, nayo inakataza kumpiga mnyama kikatili na kumtwisha mzigo uliozidi uwezo wake. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 nayo inaipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kilichobaki ni kuchagua mahali pa kuanzia, na mimi ningeanzia pale ambapo mnyama tayari anapita mikononi mwa halmashauri, yaani mnadani na machinjioni.

Chukua mnada wa mifugo kama ule wa Msalato, hapa Dodoma. Ng'ombe na mbuzi hufika wakiwa wametembea au wamesafirishwa kwa lori umbali mrefu, na wakati wa kiangazi, ambacho kwetu huanza takribani Mei na kuendelea hadi Novemba, malisho na maji njiani huwa haba. Kwa kuwa ushuru hutozwa hapohapo na vibali vya kusafirisha mifugo hukaguliwa hapohapo, afisa mifugo ana nafasi ya kukataa kupakiwa kwa ng'ombe aliyevunjika mguu, au mbuzi waliofungwa miguu na kurundikwa juu ya pikipiki. Sehemu ya ushuru huo ikitengwa kwa ajili ya birika la maji, kivuli na jukwaa la kupakilia, wafanyabiashara nao wataona fedha yao inakokwenda.

Wapo wanaodhani haya ni anasa. Nawaeleza kwa lugha ya bucha: mnyama aliyechoka, mwenye kiu na hofu, humaliza akiba ya sukari iliyomo kwenye misuli kabla hajachinjwa. Akiba hiyo ndiyo ambayo baada ya kuchinjwa hugeuka asidi na kuifanya nyama iwe na rangi nzuri na isiharibike upesi. Ikikosekana, nyama huwa nyeusi, ngumu, na haikai. Aliyempiga ng'ombe fimbo njia nzima ameipunguzia nyama thamani yake mwenyewe, ingawa hasara humwangukia mwenye bucha.

Punda ni suala gumu zaidi, kwa sababu mkokoteni wake ndio unaofikisha maji katika nyumba nyingi za pembezoni, na mwenye punda mara nyingi ni maskini. Vidonda vingi ninavyovitibu vinatokana na nira ya ng'ombe kufungwa kwa mnyama asiye na nundu ya kuizuia. Punda huvuta vizuri kwa mkanda mpana wa kifuani uliowekewa kitambaa laini. Kumtoza faini mtu wa namna hii hakumpatii mkanda. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana wa mikokoteni kinaweza kukopeshwa kwa sharti la kununua matandiko yanayofaa, na afisa mifugo wa kata akayakagua kabla ya mkopo unaofuata.

Kuhusu mbwa wazururaji nitasema machache. Kuwapiga risasi hakukomeshi kichaa cha mbwa, kwani nafasi ya waliouawa huchukuliwa haraka na wengine, na kati ya waliouawa wamo waliokwisha kuchanjwa. Shirika la Afya Duniani linashauri kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, kila mwaka, mtaa kwa mtaa. Na kwa kuwa mbwa hufuata chakula, ratiba ya kuzoa taka sokoni na kuzunguka machinjio inapaswa kujadiliwa katika kikao kilekile kinachopanga chanjo, idara ya mifugo na ya usafi zikiwa mezani pamoja, jambo ambalo kwa uzoefu wangu hutokea kwa nadra.