Maswali na Majibu: Mashine ya Kupima Macho ya Mtoto Asiyejua Kusoma

Mwanangu ana miaka miwili, anaokota hata punje ya mchele iliyodondoka mkekani. Ana haja gani ya kupimwa macho?

Huenda punje hiyo anaiona kwa jicho moja. Mtoto mwenye jicho moja zima na jingine lenye kasoro hukimbia na kucheza kama wenzake, wala halalamiki, kwa kuwa hajui kuona kwa namna nyingine. Ubongo wake hupokea picha safi na kuipuuza ile yenye ukungu, mpaka jicho lililopuuzwa linakosa kujifunza kuona. Hali hiyo huitwa jicho vivu. Mzibe jicho moja kwa kiganja anapotazama kitu akipendacho, kisha umzibe la pili. Akitulia ukiziba moja, lakini ukiziba jingine akalia, akapinda shingo na kuusukuma mkono wako, inawezekana umeziba jicho analolitegemea.

Mashine humpimaje mtoto asiyejua herufi?

Mtoto hupakatwa na mama yake katika chumba chenye mwanga hafifu ili mboni zipanuke. Mhudumu hushika kifaa kinachofanana na kamera, umbali wa kama mita moja, nacho hutoa mlio na vitaa vya rangi ili mtoto akitazame. Miale isiyoonekana huingia kwenye mboni na kurudi kutoka kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na kwa jinsi inavyorudi, programu hukadiria kama mtoto anahitaji miwani, kama macho yake yanatofautiana nguvu na kama ana makengeza. Ni sekunde chache tu, na hakuna kinachomgusa. Kipimo hiki kinawafaa watoto kuanzia mwaka 1 hivi.

Nikiambiwa apelekwe kwa mtaalamu, ina maana anapofuka?

Hapana. Mashine huonyesha dalili tu, na wapo watoto wanaopewa rufaa kisha wakakutwa wazima. Mtaalamu humtilia dawa ya matone inayolegeza misuli ya macho, ndipo ampime kwa uhakika. Mtoto anaweza kuona ukungu kwa karibu hadi kesho yake. Hofu yangu kubwa ni ile karatasi ya rufaa inayokunjwa ndani ya kadi ya kliniki ikisubiri tumbaku iuzwe ndipo pesa ipatikane, ilhali jicho vivu hutibika vizuri zaidi kabla mtoto hajatimiza miaka 7.

Miwani haitamharibu macho?

Haitamharibu. Pengine jicho zima litazibwa kwa kiraka saa chache kila siku ili lile vivu lifanye kazi.

Zahanati yetu haina mashine hiyo. Tufanyeje?

Siku ya kliniki, mwombe mhudumu amchunguze mboni kwa mwanga. Zote mbili zapaswa kurudisha wekundu unaolingana. Makengeza yasiyoisha baada ya mtoto kufikisha miezi 4 yanahitaji kuonwa na mtaalamu. Mboni nyeupe haisubiri hata wiki, kwa sababu inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho: mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwetu Tabora ni Kitete. Mara nyingi weupe huo huonwa kwanza na mzazi, kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa flashi, mboni moja ikiwa nyekundu na nyingine nyeupe. Usiifute picha hiyo, mwonyeshe daktari.