Chokaa ya kilimo ni nini, na inahusianaje na mbolea?

Chokaa ya kilimo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa yakawa unga, unaotiwa shambani kupunguza tindikali ya udongo. Wengi huihesabu kuwa mbolea, na kosa huanzia hapo. Mbolea hulisha mmea. Chokaa huutengeneza udongo ili chakula hicho kiufikie mmea.

Tindikali hupimwa kwa pH. Kila pH ikishuka kwa namba moja, tindikali huongezeka mara 10. pH ikifika chini ya 5.5 hivi, aluminiamu iliyoshikwa kwenye chembe za udongo huyeyuka na kuwa sumu kwa mizizi. Mizizi hudumaa, huwa mifupi na minene, ikashindwa kuyafuata maji chini. Aluminiamu hiyo, pamoja na chuma, huinasa pia fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea ya kupandia. Ndiyo maana mtu anaweza kuweka mbolea ya kupandia kwa uangalifu wote, kisha mahindi yakatoa majani ya zambarau kana kwamba hakuweka kitu. Inauma sana, kwa sababu mbolea imo shambani lakini mmea hauipati.

Soya huathirika kwa namna yake. Mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani, na bakteria hao hudhoofika kwenye udongo wenye tindikali kali. Tena wanahitaji molibdeni, madini ambayo hupatikana kwa shida pH ikiwa chini. Soya ikigeuka manjano, ng'oa mche mmoja upasue kinundu: kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi. Kukimbilia kuimwagia urea nyingi, yaani mbolea ya nitrojeni, si dawa, kwani soya ikipata nitrojeni tele udongoni hupunguza vinundu vyake yenyewe.

Mahindi, ngano na mtama hazina vinundu, kwa hiyo hutegemea zaidi nitrojeni ya mbolea. Lakini urea, DAP (mbolea ya kupandia yenye nitrojeni na fosforasi) na hasa salfeti ya amonia huongeza tindikali, maana amonia inapogeuzwa kuwa naitreti na vijidudu vya udongoni, tindikali huzaliwa. Shamba linalopewa mbolea hizo mwaka baada ya mwaka bila chokaa huchoka polepole, na mwenyewe hudhani mbegu ndiyo mbaya.

Chokaa haina haraka. Itiwe wiki kadhaa au hata miezi kabla ya kupanda, ichanganywe vizuri na udongo, na iwe laini, kwani chenga kubwa huchukua muda mrefu kuyeyuka. Usiichanganye na urea wala DAP, la sivyo nitrojeni itapotea hewani kama gesi ya amonia.

Kipimo cha jirani nacho kisikuongoze. Udongo wa mfinyanzi huhitaji chokaa nyingi kuliko wa kichanga hata kama pH ni ileile, hivyo pima udongo wako kwanza. Chokaa ikizidi, zinki, chuma na manganisi huadimika, na mazao yanaanza kugeuka manjano upya.