Chiriku wa bandani: maswali ya wafugaji kuhusu magonjwa

Majibu haya ni ya ndege wadogo walao mbegu wanaofugwa kwenye banda la waya uani: chiriku pundamilia mwenye mdomo mwekundu, chiriku wa Gould mwenye kifua cha zambarau na tumbo la njano, kanari na jamaa zao. Wawili wa kwanza asili yao ni Australia, lakini wanaouzwa leo wengi wamezaliwa vizimbani na wazazi wao vivyo hivyo.

Jana jioni alikuwa mzima, leo nimemkuta chini amekufa. Ni ugonjwa gani unaoua kwa usiku mmoja?

Mara nyingi hakuumwa usiku mmoja. Porini, ndege anayeonyesha unyonge ndiye anayenyakuliwa na kipanga, kwa hiyo chiriku mgonjwa hujikaza. Huenda kwenye chombo cha mbegu pamoja na wenzake, akamenya maganda na kudonoadonoa bila kumeza kitu. Ulichokiona wewe ni siku ya mwisho ya ugonjwa ambao pengine una wiki nzima. Chiriku pundamilia ana uzito wa gramu 12 hivi, hana akiba mwilini, na siku moja bila kula inatosha kummaliza.

Vifo vya ghafla kweli vipo. Paka au bundi akitua juu ya banda usiku, ndege huruka gizani na kujigonga kwenye waya. Siafu nao wakiingia hawaachi kitu. Ndiyo maana banda lenye miguu husimamishwa ndani ya makopo ya maji au oili chafu. Lakini kabla ya kumlaumu paka wa jirani, mshike ndege aliyekufa na upapase kidari chake. Ukikuta mfupa umechomoza na nyama imekwisha pande zote mbili, ujue alikuwa anakonda siku nyingi na hakuna aliyemwona.

Nitamtambuaje mgonjwa mapema, basi?

Usiingie bandani. Ukiingia tu, wote wanachangamka kwa hofu, na mgonjwa naye anajifanya mzima. Simama mbali kidogo asubuhi, kabla ya kuweka chakula, utulie dakika tano. Mzima manyoya yake yamelala mwilini, anarukaruka, anagombana, anaimba. Mtilie shaka aliyefura manyoya wakati jua limeshapanda, anayesinzia mchana huku kichwa amekificha mgongoni na miguu yote miwili imekanyaga fito, anayekaa chini wakati wenzake wako juu, na ambaye mkia wake unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi. Ukimwona anapumua kwa mdomo wazi na hakuna joto kali wala hakufukuzwa, ameshazidiwa.

Kisha weka chakula. Asiyeshuka upesi pamoja na wenzake, mkumbuke huyo.

Kinyesi nacho kinasema mengi. Tandika gazeti chini ya fito wanazolalia. Cha kawaida ni kigumu kiasi, cheusi au kahawia, na kina sehemu nyeupe juu yake. Kikiwa majimaji siku nzima, kijani kikali, chenye damu au chenye mbegu zisizosagika, kuna tatizo. Kikiwa chepesi asubuhi moja baada ya kula tango au mchicha, hilo si ugonjwa. Ndege ambaye manyoya ya nyuma yamegandana kwa uchafu hahitaji mjadala: mtoe.

Nimemtoa. Kabla ya daktari nifanye nini?

Joto kwanza, dawa baadaye. Ndege hawa wana joto la mwili la nyuzi 40 hadi 42, na mgonjwa asiyekula hawezi kulilinda. Mweke kwenye kitundu kidogo, funika pande tatu kwa kitambaa, na upashe upande mmoja tu hadi nyuzi 30 hivi ili akiona joto limezidi aweze kusogea. Balbu ya zamani ya waya inafaa, ila iwe nje ya kitundu na mbali na kitambaa. Hizi za siku hizi zisizokula umeme hazitoi joto la kutosha. Mahali pasipo umeme, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo inasaidia, mradi uibadilishe inapopoa.

Mbegu na maji viwekwe chini, karibu na mdomo wake, kwa sababu hana nguvu za kupanda. Usimlazimishe maji kwa bomba la sindano. Ndege mdogo hivi hupaliwa kwa urahisi, na maji yakiingia kwenye njia ya hewa umemuua mwenyewe.

Kanari wangu ameacha kuimba, na usiku nasikia mlio wa “tik, tik” anapopumua.

Hiyo ni dalili ya utitiri wa njia ya hewa. Ni wadudu wadogo sana wanaoishi kwenye koo la pumzi na vifuko vya hewa, na huwapata zaidi kanari na chiriku wa Gould. Mara nyingi makinda huupata kwa wazazi wao wakati wa kulishwa. Ndege hukonda, sauti hupotea, hupangusa mdomo kwenye fito mara kwa mara na kupiga chafya. Gizani, ukilowesha manyoya ya shingo na kumulika tochi kwa nyuma, wakati mwingine utaviona vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Usipoviona, bado haina maana kwamba havipo.

Dawa yake ipo. Daktari wa mifugo hutumia ivermektini au dawa za jamii hiyo, tone dogo kwenye ngozi ya shingo, na hurudia baada ya muda. Hapa naomba unisikilize vizuri: ivermektini inayouzwa kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi kwenye maduka ya dawa za mifugo ina nguvu ya asilimia 1. Tone moja la dawa hiyo bila kuzimuliwa ni zaidi ya mara 100 ya kiasi kinachomtosha chiriku wa gramu 12. Kuzimua kwa kukadiria na kijiko cha chai nyumbani ni kucheza kamari. Mpe daktari uzito wa ndege, yeye apige hesabu.

Makinda wanakufa viotani, wamepauka, ilhali wazazi wanakula vizuri.

Angalia usiku. Utitiri mwekundu, huu huu unaowasumbua wafuga kuku, mchana hujificha kwenye nyufa za mbao, ncha za fito na chini ya viota, kisha giza likiingia hutoka kunyonya damu. Kinda halina damu ya kugawa. Tundika kitambaa cheupe bandani jioni, saa nne usiku ukimulike: ukiona vinukta vyekundu vinavyotembea, umeshapata jibu.

Kosa la wengi ni kumpulizia ndege dawa na kuliacha banda. Utitiri huu unaishi bandani, kwa ndege unakwenda kula tu. Wahamishe ndege, choma viota vya zamani, mwagia mbao maji yanayochemka, ziba nyufa, na dawa ya kupuliza iwe ile iliyoruhusiwa kwa mabanda ya ndege. Rudia baada ya wiki, kwani wakati wa joto mayai yanageuka kuwa utitiri mzima ndani ya siku 7 hivi. Banda tupu nalo si salama, maana utitiri unaweza kukaa miezi bila kula. Majani ya mwarobaini kwenye viota wengi huyatumia. Sina ugomvi nayo, ila usiyategemee peke yake.

Kila masika wanaanza kuhara. Ni baridi?

Baridi huwadhoofisha, lakini mkosaji mkubwa ni sakafu yenye unyevu. Vimelea vya koksidia hutoka na kinyesi, na mayai yake huhitaji unyevu na muda, kama siku moja au mbili, ndipo yaweze kuambukiza. Ukifagia kila siku na sakafu ikawa kavu, unauvunja mzunguko huo kabla haujakamilika. Jiki na dawa nyingi za kuua vijidudu haziyawezi mayai haya, kwa hiyo usijifariji na harufu ya klorini. Kinachosaidia ni kuondoa uchafu, maji ya moto na jua.

Nusu ya paa angalau iezekwe bati au makuti yasiyovuja, na upande upepo unakotokea uzibwe kabisa. Pwani, upepo wa kusi unaleta mvua ya kulala inayopenya hadi kwenye viota. Nyanda za juu kama Mbeya, Arusha na Limuru, mwezi wa Juni na Julai ukungu wa asubuhi ndio unaoleta balaa. Na punguzeni idadi ya ndege! Banda lililojaa halina dawa.

Shomoro na njiwa wa mtaani wanatua juu ya waya. Wana madhara?

Wanayo. Kinyesi chao kikidondoka kwenye maji kinaweza kuleta bakteria wa salmonela na koksidia. Njiwa tena hubeba trikomona, kimelea kinachofanya vidonda vya manjano kooni hadi ndege ashindwe kumeza, na huenea kwa mate yaliyobaki kwenye maji na chakula. Uingereza, kimelea hicho kilipoanza kuwaua ndege wa jamii ya chiriku mwaka 2005, chiriku wa kijani walipungua kwa zaidi ya milioni moja katika miaka michache tu, na vyombo vya kulishia ndege bustanini vilitajwa kuwa mahali pa kuambukizana.

Habari njema ni kwamba trikomona haivumilii ukavu. Uwe na seti mbili za vyombo vya maji: moja bandani, nyingine imeoshwa na kuanikwa hadi ikauke kabisa. Badilisha kila siku, na wakati wa joto mara mbili. Vyombo vyote viwe chini ya sehemu iliyoezekwa, kamwe visiwe chini ya fito.

Panya nao wasisahauliwe. Mkojo na kinyesi chao kwenye mbegu kinaweza kuua ndege kadhaa kwa siku chache, kwa hiyo waya uwe na matundu madogo na uzikwe ardhini kuzunguka banda lote. Waya mpya wa mabati uuoshe kwa siki na kuusugua kabla ya kuingiza ndege. Zinki iliyoganda juu yake huwa sumu wakiidonoa.

Ana uvimbe kama vipele kuzunguka macho na miguuni.

Huenda ni ndui ya ndege, inayoenezwa zaidi na mbu. Haina dawa ya kuiponya. Mtenge, zuia mbu kwa chandarua, mwaga maji yaliyotuama. Ikiwa ni maganda magumu kama magamba yanayoota polepole miguuni na mdomoni, huo ni utitiri wa ngozi, na unatibika.

Jike amefura, amekaa chini, anajikamua. Hajala.

Yai limekwama. Hili halingoji kesho. Joto la nyuzi 30, hewa yenye unyevu, na daktari haraka. Usiliminye yai, litapasukia ndani. Chanzo kikubwa ni upungufu wa kalsiamu au kutagishwa mfululizo. Mfupa wa ngisi, unaookotwa bure ufukoni, uoshe na kuukausha vizuri, uwe bandani siku zote. Maganda ya mayai ya kuku yaliyookwa na kusagwa yanafaa pia.

Antibiotiki ya kuku naweza kuwatilia kwenye maji?

Jibu langu ni hapana. Kipimo chake ni cha kuku, mgonjwa mwenyewe hanywi, wazima ndio wanaoinywa, na haigusi utitiri, kuvu wala ndui. Kinachobaki ni bakteria kuwa sugu, na siku utakapoihitaji kweli haitafanya kazi.

Na chakula?

Ulezi na uwele mkavu, safi, usionuka uvundo. Uchote kwa mkono; ukiona vumbi la kijani au nyuzinyuzi, mwaga. Sumukuvu haiondoki kwa kuanika juani. Mboga za majani ndiyo, parachichi kamwe, kwa kuwa ni sumu kwao.

Nimenunua wawili wapya. Niwachanganye lini?

Baada ya siku 30 wakiwa mbali, ikiwezekana chumba kingine, na wao uwahudumie mwisho kila siku. Magonjwa mengi huingia bandani kupitia ndege mpya aliyeonekana mzima sokoni. Waliotegwa porini usiwanunue: huja na vimelea vyao, na Kenya na Tanzania kukamata au kumiliki ndege wa porini bila kibali ni kosa.

Wanaweza kuniambukiza mimi na watoto?

Salmonela, ndiyo. Nawa mikono kwa sabuni, usioshee vyombo vyao jikoni, na kabla ya kufagia kinyesi kikavu nyunyizia maji, uvae barakoa.

Wamekufa wawili ndani ya wiki. Niwazike tu?

Hapana. Mfunge maiti kwenye mfuko wa plastiki, weka kwenye friji sehemu ya baridi ya kawaida bila kugandisha, na umfikishe kwa daktari wa mifugo au maabara ya veterinari ndani ya saa 24. Tanzania kuna TVLA, wakala wa serikali wa maabara za veterinari. Kenya kuna maabara za Kabete. Ukienda, chukua na kinyesi kibichi cha waliobaki kwenye kichupa safi, na uandike umri wa ndege, chakula unachowapa, na tarehe ndege mpya wa mwisho alipoingia bandani.