Cheti cha Java Hakipimi Kile Unachodhani

Ninawaandaa watahiniwa wa mitihani ya Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hapa Dar es Salaam, na haipiti wiki bila kusikia kauli ileile: "Mwalimu, nikishapata cheti, kazi nimepata." Mara ya mwisho niliisikia kwa kijana mwenye vyeti vitatu ambaye, katika usaili, alishindwa kuandika programu fupi ya kusoma orodha ya malipo na kubaini yaliyorudiwa. Kijana huyo si mvivu hata kidogo. Alidanganywa kuhusu kinachopimwa, na jambo hili linaniuma kwa sababu watu hutumia akiba yao kulipia mitihani hii.

Mtihani wa Oracle, kampuni inayomiliki Java, wa toleo la Java SE 17, wenye namba 1Z0-829, una maswali 50 ya kuchagua majibu, hufanywa kwa dakika 90, na alama ya kufaulu ni asilimia 68. Hakuna mahali unapoombwa kujenga chochote. Unaonyeshwa msimbo na kuulizwa iwapo utapita kwenye kompaila, yaani programu inayoutafsiri ili kompyuta iweze kuuendesha, na ukipita, utachapisha nini. Chukua mfano ninaoupenda darasani: namba mbili za aina ya Integer (namba nzima inayohifadhiwa ndani ya objekti, yaani kifurushi cha data), zote 127, ukizilinganisha kwa == unapata kweli; zikiwa 128, kwa kawaida unapata si kweli. Sababu ni kwamba Java hutunza tayari objekti za namba kuanzia -128 hadi 127 na kuzitumia tena, ilhali alama hiyo hulinganisha objekti wala si thamani zilizomo, na ndiyo maana tunasisitiza equals, amri inayolinganisha thamani. Anayeielewa sababu hiyo ataepuka kosa ambalo siku moja lingeharibu hesabu za wateja, lakini aliyekariri kwamba jibu la swali la 14 ni B hana alichonunua zaidi ya karatasi. Kwa hiyo simruhusu mwanafunzi wangu kugusa maswali yaliyovuja, ambayo, mbali na kumnyima elimu, yanakiuka masharti ya mtihani na yanaweza kumfutia cheti. Namtaka aandike kila mfano kwa mkono wake, auendeshe, auharibu kwa makusudi, kisha aeleze kwa nini umeharibika. Faida kubwa ya cheti imo katika miezi hiyo ya maandalizi, na msaili mzuri huitambua ndani ya dakika kumi.

Ipo mitihani inayopima utendaji. Wa CKAD, unaohusu Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja, humpa mtahiniwa saa mbili za kutekeleza kazi halisi kwenye klasta, yaani kundi la kompyuta hizo, na hapo kukariri majibu hakusaidii.

Wengine hudhani cheti ni cha maisha. Vyeti vya Java vya Oracle kweli havina tarehe ya mwisho, ila hubeba namba ya toleo la Java, na mwajiri husoma toleo hilo. Cheti cha msanidi programu cha AWS, huduma ya Amazon ya kukodisha kompyuta kupitia intaneti, hudumu miaka mitatu. Vya Microsoft vinavyohusu majukumu ya kazi huhuishwa kila mwaka, bila malipo, kupitia intaneti.

Cheti cha kumaliza kozi nacho si cheti cha kitaaluma. Cha kwanza husema ulihudhuria, cha pili kwamba ulipimwa chini ya usimamizi, na kuviweka pamoja kwenye wasifu humfanya msomaji avitilie shaka vyote.

Kuna pia wanaosema kwamba vyeti havina thamani yoyote, nao wanakosea. Kampuni inayotaka kupanda ngazi ya ushirika na AWS hutakiwa kuwa na idadi fulani ya wafanyakazi wenye vyeti, na zabuni kadhaa huomba nakala zake. Ukiomba kazi kwenye kampuni ya namna hiyo, kitaje cheti chako mwanzoni kabisa mwa wasifu. Kwingine kote, anza na programu ulizoziandika mwenyewe.