Kinamasi si ardhi iliyokaa bure

Wakazi wanaopinga kinamasi kufukiwa ili zijengwe nyumba huambiwa wanalinda tope na mbu. Hebu chota tope lenyewe: limejaa mizizi ya matete na majani yaliyooza nusu, na hushika maji kama sifongo. Mvua kubwa ikinyesha, maji hutulia humo, kisha huteremkia kijitoni polepole. Mwaga kifusi uone. Maji hayapotei, yanahamia sebuleni kwa jirani wa bondeni. Na mbu? Kinamasi chenye uhai kina samaki na kerengende wanaokula viluwiluwi vya mbu. Dimbwi juu ya kifusi halina hata mmoja. Tangu 1971, Mkataba wa Ramsar uliotiwa saini Iran unahimiza mataifa kulinda ardhioevu, vikiwemo vinamasi, ila lori la kwanza la kifusi husikiwa na wakazi.